Kiti Kitupu Mbele ya Kamera

Mwaka ule mashamba ya mihogo ya Kemambo yalipogeuka maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, kila mtu alikuwa na haraka, na Bhoke naye alikuwa na yake. Alikuwa na stashahada, miaka minane ya kupima mawe katika maabara ndogo iliyo karibu na makarasha ya kusagia mawe, na hamu ya kusoma uzamili wa uchenjuaji wa madini kabla mvi hazijamwingia. Kati yake na huo uzamili ilikosekana shahada moja tu.

Kwa miezi mitatu alipima njia mbili. Ya kwanza ilikuwa chuo cha Mwanza: miaka mitatu darasani, akifundishwa pamoja na vijana namna ya kuchukua sampuli, kazi anayoifanya akiwa amefumba macho. Ya pili ilikuwa chuo cha nje cha mtandaoni, kinachotambuliwa nchini, ambacho hakikuuliza umekaa darasani muda gani. Kiliuliza unaweza nini. Ukiwa tayari unafanya mtihani wa somo, ukifaulu unasonga, hata masomo matatu kwa mwezi. Dosari yake ni kwamba hakikutoa alama. Umefaulu au hukufaulu, basi, na vyuo vingi vya uzamili vinataka kuona GPA.

"Nyamera, dada yangu, usikurupuke," alionya Akech, mwenzake wa maabara, Mjaluo wa Sirari mwenye ndugu tele ng'ambo ya mpaka. "Cousin yangu wa Migori alimaliza hiyo digrii ya online haraka haraka. Kwenda kuomba masters, wakamwambia leta grades. Alirudi na sura ya mtu aliyefiwa. Waandikie kwanza hao unaotaka kwenda kwao."

Bhoke akaandika. Chuo cha uzamili kikajibu kwamba kwa uzoefu wake kitampokea bila GPA, na ufadhili juu, mradi amalize shahada kabla ya Agosti kwisha. Wakikosa jina lake, nafasi anapewa mwingine. Akapiga moyo konde, akajiandikisha mtandaoni. Ndani ya miezi kumi na mmoja alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa moja, na mtihani wake ukapangwa tarehe ishirini Agosti, saa nne asubuhi.

Masharti yalikuwa makali. Mtahiniwa asitoke mbele ya kamera hata sekunde moja. Akitoka, mtihani unafutwa, na kurudia ni baada ya miezi sita.

"Chukua chumba gesti Tarime mjini," Akech alimshauri. "Huko kwenu watu wanapita pita sana."

Bhoke alicheka. Hapakuwa na mahali salama kuliko nyumbani kwake. Katika boma lile la Wakurya, baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana wake, wala hausogelei mlango. Akiwa na neno hukohoa kule zizini, na mkamwana akisikia hujiondoa, maana uso kwa uso hawakutani. Kwa miaka saba Mzee Mniko, baba wa mumewe, hakuwahi kuuvuka uzio wa minyaa. Na kama mzee mwenyewe hafiki, mwanamume gani mwingine angethubutu? Gati na wadogo zake aliwapeleka Itiryo kwa mama yake. Kisha akamwomba mumewe, Godwin, akae uani kuzuia wageni, akamweleza saa ya mtihani na masharti yote, hata lile la sekunde moja. Maskini, alikuwa akijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Siku ilipofika aliweka meza karibu na mlango, akauacha wazi, kwa kuwa mtandao ulishika pale tu. Maswali yalikuwa arobaini. Aliyala moja baada ya jingine kwa raha, mpaka yakabaki manne.

Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Mzee Mniko alikuwa amesimama kizingitini na fimbo yake. Hakukohoa.

"Godwin yuko wapi?" aliuliza, ilhali alikuwa amempita Godwin pale pale uani.

Bhoke hakufikiri. Laiti angefikiri! Miguu yake ilikuwa imefundishwa na mama yake na bibi yake kabla hajajua kusoma. Iliinuka yenyewe. Alijitupia kitenge usoni, akapotelea chumba cha ndani, na kutoka nyuma ya pazia akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," mzee aliitikia kwa upole. Akakitazama kile kiti kitupu kwa muda aliotaka, kisha akaondoka polepole.

Bhoke aliporudi, maswali yalikuwa yamefungwa. Mtihani umefutwa.

Aliwaandikia chuo, akaeleza kwamba mkwe wake alikuja mlangoni. Alijibiwa na mama mmoja muungwana sana: anampa pole, lakini sheria haibadiliki, na je, hakuweza kumwomba huyo mzee asubiri kidogo? Bhoke alimsomea Akech barua hiyo kwa sauti, kisha akacheka mpaka Akech akaogopa.

"Wewe ndiye uliyemwambia," Bhoke alimkabili Godwin.

"Ni baba yangu, aliniuliza saa, nikamwambia. Tata ana maduara mawili, Mama Gati. Ukienda huko kusoma, mawe yake atapimiwa na nani bila watu wa nje kujua?" Akainua mabega. "Na kwani alikushika mkono? Si ungekaa tu."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Angekaa tu. Maswali manne.

Mzee Mniko hakuificha habari hiyo, aliitembeza. "Nilimtolea ng'ombe ishirini na wawili, na sijutii hata mmoja," aliwaambia wazee wenzake. "Ameacha mtihani wa Wazungu kwa heshima yangu." Kanisani kina mama walimshika Bhoke mkono wakimpongeza, wakawaambia binti zao waige.

Mwanzoni mwa Septemba, asubuhi, kikohozi kilisikika kutoka zizini, kama miaka yote. Bhoke alijificha mpaka nyayo zikaisha, akatoka, akakuta mfuko wa mawe kwenye uzio. Akaupeleka maabara. Akasaga, akapima mara tatu, kama ada.

Akech alichungulia namba aliyokuwa akiiandika. "Yaani unamwandikia ya kweli? Mwandikie hakuna kitu, afukie duara lake!"

"Siwezi kupima vibaya," Bhoke alisema. "Hilo sikujifunza."

Jiwe lilikuwa na dhahabu nyingi. Mzee Mniko alichinja mbuzi, akamtengea mkamwana wake paja zima, na akampa Godwin alipeleke, kwa kuwa yeye mwenyewe haingii nyumba ile.