Tafsiri Mpya za Ozella

Mwimbaji wa jazi akikuambia ana tafsiri mpya ya wimbo wa zamani, kaa chonjo. Wimbo wa haraka atauburuza mpaka mchuzi ugande kwenye sahani za wateja, na wa polepole ataukimbiza kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Nimewapigia piano watu hawa miaka arobaini na minne hapa mjini Newark, na nimeona wimbo mmoja wa mapenzi ukiuawa kwa njia kumi na saba.

Ozella Crump hakuwa mmoja wao, ndiyo maana nilidumu naye. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kofia zao, alisimama kando ya piano yangu katika mkahawa wa Lutrell, akaimba nyimbo jinsi zilivyoandikwa, neno kwa neno, huku wenzetu wakila kuku na mkate wa mahindi.

"Aliyeutunga hakuwa mjinga," alikuwa akisema. "Mimi ni nani nimsahihishe?"

Basi majira ya baridi yaliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja, Ozella akaanza vituko. Nyimbo zetu nyingi zina sehemu nne: mbili za kwanza zinafanana, ya tatu inageuka, nasi tunaiita daraja, na ya nne inarudi nyumbani. Ozella akawa anaruka daraja. Anafika ukingoni, anaguna kidogo kwa mdomo uliofumbwa, kisha anajishika utosi. Kwetu sisi, mkono utosini ni ishara: jamani, turudi mwanzo. Mimi nilikuwa nimeshafika huko mwanzo, namsubiri, maana mimi ni mtu wa kuona mbali.

Nilijua ni nini. Mama yangu alianza hivyohivyo, kwa kusahau jina la mchungaji, akaishia kusahau langu. Nikamsitiri Ozella. Mara nyingine nilimnong'oneza neno la kwanza la ubeti. Alinitazama, akatabasamu, akaimba neno jingine. Maskini, nikasema moyoni, hata akitafuniwa hawezi kumeza.

Cleophus, mpiga besi wetu, naye aliona. Siku moja wakati wa mapumziko akanivuta kando.

"Mzee Verdell, uko sawa?"

"Mimi? Kamuulize Ozella."

"Nimeshamuuliza."

"Kasemaje?"

"Kasema nikufuate wewe, popote utakapokwenda."

Nilifurahi. Ilichukua miaka arobaini na minne mpiga besi kuambiwa jambo la maana.

Lakini walimwengu hawawezi kumwacha mtu asahau kwa amani. Akaja mwandishi wa gazeti, kijana mmoja aitwaye Thaddeus Whitlow, mwenye miwani mikubwa na daftari dogo. Alhamisi tukasoma kwamba Ozella Crump "anakataa kuvuka daraja", kwamba huo ni uasi, na ule mguno ni "kilio kilichokosa neno". Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Mtu kasahau wimbo, wao wanamvika taji! Jumapili iliyofuata hapakuwa na kiti. Vijana wanaokula kuku kwa kisu na uma walifumba macho na kutikisa vichwa, wengine nje kabisa ya mdundo.

Kisha wakaja watu wa santuri. Walitaka kumrekodi palepale mkahawani, Jumapili, mbele ya watu. Hapo kicheko kikanikauka. Ozella alikuwa ameimba miaka hamsini nyuma ya majina ya wengine, na santuri yenye jina lake mwenyewe hakuwahi kuipata. Akipotea siku hiyo, angepotea mbele ya dunia, na pasingekuwa na siku nyingine. Jumamosi nikaenda kwake.

"Ozella, tuyaandike maneno kwenye karatasi, tuiweke juu ya piano."

"Maneno ya nani?"

"Yako. Si aibu, dada yangu. Uzee unatufika sote."

Alinikatia kipande cha pai ya viazi vitamu.

"Kula," akasema. "Na kesho wewe piga tu. Litokee la kutokea, usisimame."

Roho iliniuma. Mgonjwa ananipa mimi moyo!

Jumapili ikapita salama. Aliruka daraja mara tatu, na mara zote tatu watu walisimama kumpigia makofi. Whitlow alilia, akafuta miwani.

Jumanne asubuhi tukaitwa studio kusikiliza. Fundi wao, binti aitwaye Renata, alikuwa na mtambo unaotenga sauti, kila moja peke yake. Akatuwekea ya Ozella kwanza.

Alimaliza sehemu ya pili. Akavuta pumzi. Kisha, pale ukingoni, nikamsikia waziwazi akianza: "Lakini mvu..." Lilikuwa daraja lenyewe, "lakini mvua ikaja", mahali pake na kwa wakati wake. Halafu akalimeza, likawa mguno.

"Mbona aliacha?" nikauliza.

Renata akapandisha sauti ya piano.

Nilikuwa pale, napiga kwa madaha, mwanzo wa wimbo. Nilirudi mwanzo kabla yake. Besi ya Cleophus ilikuwa imeshakanyaga daraja, ikageuka haraka kunifuata.

"Rudia," nikasema. Akarudia. Wimbo wa pili, vilevile. Katika wa tatu, hata mnong'ono wangu ulisikika, na neno nililompa lilikuwa la wimbo mwingine kabisa.

Renata akakohoa. "Bi Ozella, tunaweza kuifuta piano, tukamleta mtu mwingine, nawe ukaimba upya na madaraja yake yote. Hii ni santuri yako ya kwanza."

"Jina lililoandikwa juu ni la nani?"

"Lako."

"Basi hivi ndivyo ninavyoimba. Usiguse kitu, mwanangu."

Tulipofika nje nilishindwa kumtazama Ozella usoni.

"Tangu lini?"

"Tangu Sikukuu ya Shukrani, ile ya Novemba."

"Na miezi yote hiyo umekubali kuitwa mwasi?"

"Nimeitwa mabaya kuliko hayo. Jumapili usichelewe."

Niliona aibu, nami si mtu wa kuona aibu. Nilipofika nyumbani nikafungua piano. Nikapiga sehemu ya kwanza, nikapiga ya pili, nikafika ukingoni. Nikasubiri. Mikono ilikuwa juu ya vitufe na haikuwa na pa kwenda. Baada ya muda nikampigia simu Ozella. Hakuniuliza ninataka nini. Aliniimbia daraja lote, neno kwa neno, jinsi lilivyoandikwa.