Nakala ya Pili

Niacheni niseme ninavyojua mimi, maana nimesikia inavyosimuliwa kwenye familia, na hadithi yao haina kichwa wala miguu. Wanasema "dada mkubwa alipoteza sauti ya mama." Basi, wamemaliza. Utadhani niliisahau kwenye kiti cha basi!

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Kutwa nimeinamia fizi za plasta, nachonga magego ya watu nisiowajua sura. Nikirudi nyumbani navua koti, naingia stoo iliyo kando ya jiko, na huko ndiko roho yangu inakopumua. Nilitoa ndoo mbovu na magazeti ya zamani, nikaweka rafu mbili za chuma na feni, nikaanza kukusanya kompyuta zilizochokwa na maofisi. Hii naiongezea kumbukumbu, ile naibadilishia feni, nyingine naigeuza ghala la picha na faili za ukoo mzima. Kila moja ina jina lake. Kuna Kikohozi, kuna Mnene, kuna Mjomba ambaye haamki mpaka umpige kofi la ubavuni. Wenzangu kazini wanasema nimekosa mume ndiyo maana nimezaa waya. Waseme tu. Waya hazininunii.

Shemeji yangu nilimpata mimi kabla mdogo wangu hajampata. Tulikutana kwenye mnada wa ofisi moja iliyofungwa, wote tumeshika swichi ileile, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, chenye matundu ishirini na manne. Mimi navuta huku, yeye anavuta kule, mpaka dalali akatucheka. Yeye ni fundi wa lifti. Mwishowe aliniachia, akanibebea mpaka nyumbani. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa kwangu, akatuletea chai, na yaliyofuata mnayajua wenyewe.

Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja, sitaficha. Alikuwa mtu pekee ambaye ningeweza kumpigia simu saa za kazi kumwambia tu kwamba Mjomba ameamka bila kofi, naye akashangilia huko juu kwenye lifti yake hadi watu wakamshangaa. Jumamosi tulikuwa tunakaa chini stoo, tunabana vichwa vya waya, tunabishana ruta ikae dirishani au ukutani. Mdogo wangu akichungulia anasema, "Nyinyi na mafriji yenu," anaenda zake.

Sasa sikieni jambo lenyewe. Miaka miwili iliyopita mama alikuwa kitandani, siku zake za mwisho. Siku moja alitufukuza wote chumbani, akabaki na simu ya mdogo wangu. Alirekodi dakika kumi na moja. Alipotuita ndani akasema, "Hii ni ya huyu mdogo. Aisikilize siku atakayojifungua, si kabla. Na mtu mwingine asiisikilize." Mdogo wangu wakati huo alikuwa na miaka sita kwenye ndoa, na kila kliniki ya uzazi ilikuwa inamjua kwa jina. Mama hakujali. Alisema siku atakayojifungua, akageukia ukutani akalala.

Tulipomaliza kuzika, mdogo wangu akaniletea simu. "Dada, niwekee wewe. Mimi na vitu hivi hatuelewani." Nikainakili kwenye Mnene, na juu yake nikampa somo: simu ni kitu cha kuibiwa, ifute humo, kwangu itakaa sehemu mbili. Akaifuta palepale mbele ya macho yangu. Na kweli, miezi mitatu baadaye simu ikaibiwa kituoni, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima. Mnaona? Mnaona faida ya waya zangu?

Sehemu ya pili ilikuwa kwa shemeji. Nilikuwa na diski mbili mpya zinazofanana. Moja nikaiweka kwa Mnene, ya pili nikampa yeye, diski yangu, kwa mkono wangu, aiweke kwenye seva yake, kompyuta yake ya kutunzia mafaili. Nyumba moja ikiungua, nyingine ipo. Yeye anitunzie vyangu, mimi nimtunzie vyake. Tukaandika programu ya kunakili kila usiku kupitia mtandao, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi simu yangu inalia: "Nakala imekamilika. Faili zote salama." Nilikuwa nausoma ujumbe huo kabla hata ya kupiga mswaki.

Kuijaribu ile nakala, yaani kuiita irudi nione kama kweli inarudi, sikuwahi. Kila anayecheza na mashine hizi atakwambia ujaribu, na mimi mwenyewe nimewahubiria wengi. Lakini nilijiambia, nikiifungua nitasikia sauti, na mama alikataza. Isitoshe, ningemjaribuje shemeji? Ningeonekana simwamini.

Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, mdogo wangu akapiga simu. Analia, anacheka, sikuelewa kipi ni kipi.

"Dada, ni msichana! Mzima. Na mimi mzima."

Mimi nikapiga kigelegele katikati ya karakana, bosi wangu akaangusha taya la plasta.

"Tumesahau begi la nguo za mtoto nyumbani, lile la bluu, liko mlangoni," akasema. "Lipitie. Na dada... niletee mama."

Nikaacha meno ya mzee wa watu bila magego, nikakimbilia kwangu kwanza. Kutoka jikoni tu nikasikia: kt, kt, kt, krrr. Mlio huo ukiusikia mara moja hutausahau. Ni diski inajikwaruza yenyewe ndani. Nina diski nne kwenye droo zilizolia hivyo, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi, hata kwa mafundi wanaojisifu. Nilimzima Mnene, nikampapasa mgongo, na nikacheka. Ndiyo, nilicheka! "Umechagua siku, wewe," nikamwambia. Si ujumbe wa asubuhi ulikuwa kwenye simu yangu, faili zote salama? Nikachukua ufunguo wa akiba wa kwa shemeji, nikaondoka.

Begi la bluu lilikuwa mlangoni kama alivyosema. Seva ya shemeji anaiweka chini ya ngazi. Nikawasha skrini, nikaandika nenosiri ambalo tulilibuni pamoja, nikafungua folda iliyoandikwa DADA. Tupu. Nikadhani nimekosea, nikatoka, nikaingia tena. Tupu vilevile. Nikaitazama diski nzima, hiyo diski yangu. Imejaa hadi pomoni: filamu, tamthilia za misimu kumi, mechi za mpira za tangu enzi hizo. Nikaitafuta ile programu yetu ya kunakili. Ya zamani haikuwepo. Ilikuwepo nyingine, mistari mitatu. Haikunakili chochote. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi, mtumie dada: Nakala imekamilika. Faili zote salama. Basi.

Tarehe ya kuandikwa, miezi kumi na minne nyuma.

Nikapiga hesabu kichwani: asubuhi mia nne na ushee. Asubuhi mia nne na ushee nimeamka, nimedanganywa, ndipo nikapiga mswaki. Nikaupiga picha ule ukurasa kwa simu, mara tatu.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji alikuwa amefuata begi, maana nilikuwa nimechelewa. Meno yote nje, baba mpya. Akaniona nimechuchumaa chini ya ngazi, akaiona skrini, furaha ikamtoka.

"Shem," akasema.

"Iko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Sikai! Sauti ya mama iko wapi?"

"Kwako si ipo? Ya kwako si ndiyo yenyewe?"

"Mnene amekufa leo."

Akakaa yeye, kwenye ngazi, mikono kichwani. Maelezo yake ndiyo haya, sijaongeza chumvi. Kazini kwake aliwaunganisha mafundi wawili wawe wanaangalia filamu kutoka kwenye seva yake. Wakampenda. Wakawa watano, wakawa kumi na tisa. Wakaanza kumwita Bosi. Nafasi ikaisha, na Bosi hawezi kuwaambia watu hakuna nafasi. Akafuta vyangu, kwa wiki moja tu, eti mpaka apate diski nyingine.

"Na ujumbe?" nikamuuliza.

"Usingeuona ungeniuliza."

Ebo! Alisema hivyohivyo, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Nikamwita majina ambayo mama angekuwa hai angenifinya. Miaka yote ile ya Jumamosi, chai yangu, diski yangu, mdogo wangu mwenyewe, na huyu mtu amekaa ananiona bwege. Ningetaka kumpiga na kibodi. Na angekuwa mwizi tu ningemwelewa, mwizi hakutumii salamu kila asubuhi.

Akaanza kulia. "Usimwambie wewe, nakuomba. Niachie nimwambie kwa mdomo wangu. Ni mke wangu. Nitasema yote, bila kuficha."

Nikamkubalia. Ndiyo, nikamwamini tena, mnaweza kunicheka. Nilifikiri mtu aliyepata mtoto asubuhi hawezi kusema uongo mchana.

Hospitalini, mdogo wangu alikuwa kitanda cha dirishani, amechoka, anang'aa. Mtoto kifuani, kakunja ngumi. Sikio moja tayari alikuwa amevaa kispika cha simu, anasubiri.

"Umemleta?" akaniuliza.

Nikamtazama shemeji. Akaweka begi chini, akakohoa.

"Mke wangu, pole," akasema. "Diski ya dada imekufa leo asubuhi. Mashine hizi ndivyo zilivyo. Faili imepotea."

Nikasubiri aendelee. Akainama, akamchukua mtoto, akaanza kumbembeleza.

"Na ni mara ngapi nilimwambia awe anazijaribu nakala zake," akasema.

Loo! Nimegeukwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kugeukwa na mtu aliyebeba mtoto. Damu ilinichemka nikasahau kwamba pale ni wodi ya wazazi. Nikasema yote. Filamu, watu kumi na tisa, Bosi, mistari mitatu. Nikamwonyesha mdogo wangu picha, nikamfungulia na meseji, moja baada ya nyingine, faili zote salama, faili zote salama. Mama wa kitanda cha pili akajifunika shuka usoni kutupa nafasi.

Mdogo wangu hakulia. Akamuuliza mumewe, "Ni kweli?"

"Nilikuwa nimepanga kuirudisha," akajibu, macho kwenye kofia ya mtoto.

"Angeirudisha kutoka wapi, na yangu imekufa?" nikadakia.

"Nipe mtoto," mdogo wangu akamwambia. Akampa. Nakiri mbele yenu, dakika hiyo nilijisikia nimeshinda.

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, miaka miwili, hukwenda kuangalia hata siku moja?"

"Mama alikataza."

"Alikataza kusikiliza, dada. Hakukataza kuangalia kama ipo."

Kuangalia ni kazi ya dakika moja. Unatazama jina la faili na ukubwa wake, husikii hata pumzi. Nilijua hivyo. Nimekuwa nikijua siku zote.

"Alinidanganya kila asubuhi," nikasema. "Kila asubuhi mdogo wangu, ungekuwa wewe ungejuaje?"

"Yeye sikumpa kitu," akasema. "Nilikupa wewe. Ukaniambia nifute, nikafuta."

Nikasogea nimshike mkono, akauvuta akauweka mgongoni kwa mtoto.

"Tokeni," akasema. "Wote wawili."

Shemeji alitangulia, akaenda zake bila kugeuka. Mimi nikabaki nimeegemea ukuta wa korido, mlango haujafungika vizuri. Nikamsikia anamsemesha mwanawe, sauti ya chini.

"Bibi yako aliniachia maneno," akamwambia. "Alisema..."

Nilisubiri pale mlangoni, lakini hakuendelea.