Shemeji Hafungwi

Marino aliivaa kamba yeye mwenyewe kwanza. Aliizungusha kifuani, akaipitisha chini ya makwapa na kukaza fundo mgongoni, wanaume waone kwamba haing'ati. Walikuwa wamekaa juu ya tishali la chuma la kubebea mizigo mtoni, lililotia nanga bandarini Juba, jua likiwachoma visogo, nao walimsikiliza kwa adabu ya watu wasioamini hata neno moja.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Vita ilikuwa imekwisha, watu wanarudi kutoka Uganda na masufuria yao kichwani, na kila mmoja karudi na alichokipata. Wengine walirudi na baiskeli. Marino alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, akarudi na mambo mawili: Kiswahili, na kujua kwamba hewa inaweza kumuua mtu bila kumgusa. Karakana ya bandari ikamwajiri kwa hilo la pili. Kabla ya wanaume kuingia matumboni mwa matishali kukwangua kutu, yeye awafundishe namna ya kutoka wakiwa hai.

"Hii tumbo ilifungwa tangu vita," aliwaambia. "Chuma inashika kutu, na kutu inakula hewa, hii hii ya kupumua. Hapana harufu, hapana moshi. Unaingia unasikia vizuri, halafu magoti yanakwisha."

"Kama hapana harufu, hapana kitu," alisema Lokosang, fundi wa kupaka rangi, mtu asiyepitwa na neno.

Marino aliteremsha taa ya mgodi kwenye tundu la kuingilia. Mwali ukanywea, ukazimika. Akaipandisha, akaiwasha, akaiteremsha tena, nayo ikafa palepale ilipofia mwanzo. Lokosang aliinama akachungulia gizani.

"Hawa mafi," alisema kwa sauti ndogo, kwa Kiarabu cha Juba. Hewa hakuna.

Baada ya hapo walimsikiliza kweli. Feni itapuliza hewa kwanza. Taa itashuka kabla ya mtu. Kila anayeingia atavaa kamba, na mwenzake atakaa juu ameishika. Na mtu akianguka huko chini bila kamba, hakuna kuruka kumfuata. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza, maana walikuwa watu waliozikana porini na kubebana kuvuka mpaka.

"Ndugu yako anakufa, wewe iko simama tu?" aliuliza Lokosang.

"Hewa inaua mmoja," alisema Marino. "Huruma inaua waliobaki."

Wakavaa kamba mmoja mmoja, wakicheka, wakiitana mbuzi na ng'ombe. Ikafika zamu ya Lukudu, na kicheko kikakatika.

Lukudu alikuwa shemeji yake Marino, mume wa dada yake Keji, na kwa umri alimzidi mbali. Mwaka wa sitini na tano askari walimfunga viwiko kwa nyuma, yeye na ndugu yake, kwa kamba moja. Ndugu yake walimpiga risasi. Lukudu walimwacha hapohapo kando ya njia, amefungwa na maiti, mpaka wanawake waliokwenda kuteka maji walipomkuta. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lukudu hakushtuka tu, aliifuta kamba maishani mwake. Hata mbuzi wake hawakufungwa. Walizurura mtaa mzima wa Kator wakila mihogo ya majirani, na Keji, aliyeuza samaki wakavu soko la Konyo Konyo, alirudi jioni akiwa amechoka na bado ana kesi za mbuzi za kusikiliza.

"Hii mimi hapana vaa," alisema Lukudu.

Marino alisimama na kamba mikononi. Angeweza kumwambia ashuke, aende akapake rangi nje na malipo yale yale. Angeweza kumvuta kando wakasemezana kwa Kibari, lugha yao ya nyumbani. Lakini wanaume walikuwa wanatazama, na Marino akajiona kuwa kijana anayetaka kumfunga mume wa dada yake mbele za watu. Aibu ikamshika. Tena si aibu tu: alimpenda yule mtu. Aliyajua yale makovu ya viwikoni, na akaona kumwongezea kamba nyingine ni ukatili.

"Basi, shemeji," alisema. "Wewe nenda hivyo. Lakini usipite pale feni imefika."

Wema wa namna hiyo hauna faida kwa mtu. Ila siku ile hakuna aliyeliona hilo, na Lukudu alimgusa bega kwa shukrani.

Feni ilivuma usiku kucha. Asubuhi taa ilishuka, ikawaka hadi chini bila kutetemeka. Lukudu akaingia na tupa na nyundo, akaanza kugonga kutu, na Marino akakaa kwenye tundu kumwangalia. Tumbo la tishali lilikuwa limegawanywa vyumba, na chumba kile kilikuwa na kijilango ukutani, cha kupita mtu akitambaa, kinachokwenda chumba cha nyuma. Kilikuwa kimegandamana kwa kutu, na feni haikuwa imefika huko.

Sauti ya nyundo ilibadilika. Marino akaita, "Shemeji, hiyo acha." Lukudu alijibu kitu kisichosikika. Alikuwa mtu wa kazi. Ameona kijilango kimeota kutu, akakigonga mpaka kikafunguka, akatia kichwa na mabega kuona kazi iliyobaki. Nyundo ikaanguka. Marino aliziona nyayo zake mbili zikitikisika, kisha zikatulia.

Kama angekuwa na kamba, wangemvuta kwa kuhesabu hadi kumi.

Lokosang alifika mbio na kutaka kuruka tunduni. Marino alijilaza juu ya tundu, mwili mzima, akashika kingo. Lokosang alimpiga teke la mbavu, akamwita mbwa, akamwuliza kama huyu si mume wa dada yake. Marino hakutoka. Alikuwa analia na hakutoka.

"Nifunge mimi," alisema. "Nifunge, ushike. Nikianguka vuta. Wengine leteni bomba la feni, lifike nyuma."

Wakamfunga. Alivuta pumzi, akashuka, akatambaa kuelekea zile nyayo. Hewa mbovu ilikuwa imekwisha kumwagika kutoka chumba cha nyuma. Alishika kifundo kimoja cha mguu, kikiwa bado na joto, akavuta, Lukudu hakusogea. Pumzi ikamwishia. Akavuta nyingine, na magoti yakakwisha sawasawa na alivyowafundisha.

Alipozinduka alikuwa juu, ametapika kifuani, Lokosang amemshikilia kama mtu anayeogopa atateleza tena. Kamba ilikuwa imemchuna makwapa. Alikuwa hai, na alichukia kuwa hai.

Bomba lilichelewa kufika. Lilipofika lilipuliza mpaka taa ikakubali kuwaka nyuma, na hapo hapakuwa tena na haja ya haraka. Marino alikataa mtu mwingine ashuke. Alimtoa shemeji yake kwenye kijilango, akamlaza chali, akampangusa kutu usoni. Tundu lilikuwa juu, na maiti ya mtu mzima haipandi ngazi. Akachukua kamba, akaizungusha kifua cha Lukudu, akaipitisha chini ya makwapa, akakaza fundo mgongoni. Alimwomba radhi kwa Kibari. Kisha akawaambia wavute.

Nyumbani Kator wanawake walimwosha Lukudu ndani, na wanaume wakakaa nje. Lokosang alikuwa amekwisha kuwaeleza watu jinsi Marino alivyolala juu ya tundu. Wengine walimwelewa. Wengine walihamisha viti vyao mbali naye.

Keji alitoka mlangoni, mikono ikichuruzika maji, akamwita kaka yake pembeni. Walizungumza kwa lugha ya nyumbani.

"Ana alama kifuani, mpaka kwapani. Ni ya nini?"

"Kamba," alisema Marino. "Nilimfunga mimi."

"Saa ngapi?"

"Alipokuwa amekwisha kufa."

Marino akaanza kueleza: shemeji alikataa, watu walikuwa wanatazama, na wewe unajua alivyoteswa, nisingeweza kumvunjia heshima. Alieleza kwa haraka, akitaka amalize kabla hajakatizwa.

"Ungemfunga akiwa hai," Keji alisema alipomaliza. "Angekuchukia."

"Angenichukia, ndiyo."

"Angekuchukia mpaka azeeke. Mimi nilitaka azeeke."

Akarudi ndani, kwa sababu maji yalikuwa yanapoa na hawakuwa wamemaliza kumwosha miguu.