Kibao cha Mama Pazia

Shuleni wananiita Sanduku. Ni kwa sababu ya lile shairi tunalokaririshwa, la mwanafunzi aliyepanga chumba, na mwenye nyumba akawa anamfungia mkate kwenye sanduku, ufunguo shingoni. Mwenye nyumba huyo ni mama yake bibi yangu. Bibi anasema sanduku lilikuwa la panya tu, na huyo kijana alikula hata mkate wa mwenye nyumba. Lakini nani atabishana na kitabu?

Aliyewatangazia watu kwamba ni sisi ni Mama Pazia, jirani wa ng'ambo. Nyumba yake na yetu ni pacha, ila mlango wetu uko kulia, wake kushoto. Nikipita tu: "Mjukuu wa mchoyo, leo mmefungia nini?" Mimi nainamisha kichwa.

Basi juzi wakaja watu wa kamati na kadi ya posta ya zamani, imepauka, ina picha ya nyumba aliyopanga mshairi wa shairi lile alipokuwa mwanafunzi. Wanataka kuweka kibao cha kumbukumbu ukutani. Kwenye kadi mlango uko kushoto.

Mama Pazia akatoka mbio, ndala mguu mmoja. "Ni hapa hapa. Si mnaona mlango? Hao wa pale wamehamia juzijuzi."

Nikamgeukia Bibi. Akanivuta ndani.

"Kadi ilichapwa kinyume, kulia ikawa kushoto. Ilipotoka tulicheka mpaka mbavu zikauma."

"Sasa si ukawaambie?"

"Kaitaka mwenyewe. Mwache ale ashibe."

Siku ya kibao shule nzima tulipelekwa. Mshairi mwenyewe, mzee wa mkongojo, alipapasa ukuta wa Mama Pazia akafuta machozi. "Ukuta huu ningeujua hata gizani." Bibi akajifanya anakohoa.

Wakatoa kitambaa kilichofunika kibao. Mwalimu akasoma kwa sauti: "Katika nyumba hii mshairi wetu alilala njaa, mkate ukiwa umefungiwa na mwenye nyumba asiye na huruma."

Halafu mtu nyuma akasema, "Kumbe ni kwao Mama Pazia?"

"Na alivyokuwa akiwasema wenzake."

Vicheko vikapanda. Mama Pazia akageuka rangi. "Kuna makosa. Ni ile nyumba ya pale, muulizeni bibi yule."

"Mimi mgeni, nimehamia juzijuzi," Bibi akajibu taratibu.

Katibu wa kamati akanishika bega. "Binti, wewe unakaa pale. Kuna kosa lolote?"

Mimi hata jina langu likiitwa darasani naitika kwa kunong'ona. Wote wakanikodolea macho. Mama Pazia akanisogelea.

"Mwanangu, sema basi. Unajua."

Mwanangu. Leo ndiyo nimekuwa mwanawe. Nikamtazama usoni.

"Hakuna kosa," nikasema, na hata waliokuwa nyuma kabisa walinisikia.

Fundi akachukua bisibisi, akakaza skrubu za mwisho.