Wa Tano Kati ya Wanne

Kibonyezo cha nne kutoka katikati kilikuwa kimekufa. Orvil Tidmore alikibonyeza, kikazama na kubaki hukohuko chini. Akakiinua kwa ukucha, akajaribu tena, kikazama vilevile. Viwili vya jirani vililia pamoja kila alipogusa kimoja. Akaendelea hivyo taratibu, kutoka sauti nene hadi nyembamba kabisa, kichwa amekiinamisha, kama daktari wa mifugo anayempapasa ng'ombe tumbo.

Piano za makanisa ya mlimani hakuna aliyezijua kama yeye. Joto la Julai lilivimbisha mbao, panya walitafuna vitambaa vya ndani, na wazee wa kanisa walikuwa wakiweka mitungi ya maua juu yake, maji yakachuruzika mpaka kwenye nyuzi. Kwa hiyo alifika saa nzima kabla ya wenzake, akakariri maradhi ya piano ya siku hiyo, na watu walipokuja kusikiliza hakuna aliyegundua kwamba vidole vyake vilikuwa vinaruka mashimo. Waliona tu mtu mwembamba, shati jeupe, ubavu umewaelekea, akifanya miujiza.

Clovis Ledbetter, mwimba besi, aliingia akijifuta jasho la shingo. Alikuwa na kifua cha pipa na sauti ya radi ya mbali.

"Umeikuta hai?"

"Inapumua."

"Na 'Kiti Kimoja Kando ya Mama' tunauimba kimo gani leo?"

"Kilekile cha wiki iliyopita."

"Orvil, we binadamu wewe! Ukiushusha mara moja tena, mimi nitakuwa naimba na vyura chini ya daraja. Nina mke. Ananiuliza kwa nini siku hizi narudi nimekauka koo kama mpiga mnada."

Orvil alitabasamu bila kuinua macho. Clovis alikuwa anajua. Doyle na Gerald, ndugu wawili walioimba sauti za kati, nao walijua. Aliyekuwa haambiwi ni Hoyt Scarbrough peke yake, mwenye kundi, mwenye basi, mwenye ile sauti ya juu iliyowafanya Wanne wa Short Creek wajulikane kutoka Chattanooga hadi Tupelo.

Ilikuwa hivi. Miaka tisa nyuma, katika ukumbi mmoja wa Gadsden, Hoyt aliifuata noti ya mwisho ya wimbo huo na akaifikia kwa tabu sana, mishipa imemsimama shingoni. Waliosikiliza walipiga makofi. Orvil alisikia kitu kinachochanika. Jumamosi iliyofuata akaushusha wimbo nusu hatua, kimyakimya, huku akiupamba mwanzo wake kwa vidole vingi ili sikio lisipate nafasi ya kulinganisha. Ukapita. Baada ya miaka miwili akashusha nusu nyingine. Kufikia mwaka huo wa sabini na moja, wimbo ulikuwa umeteremka hatua mbili na nusu nzima, na nyimbo nyingine zote nyuma yake, na kila Jumamosi na Jumapili Orvil alikuwa akijenga chini ya mguu wa Hoyt ngazi fupi zaidi ili mzee aonekane bado anapanda.

Na hapo ndipo alipokwama. Akiondoka, mpiga piano mwingine angepiga kilichoandikwa, na Hoyt angeumbuka.

Alichukuliwa kundini akiwa na miaka ishirini na saba. Baba yake alikuwa mpasua mbao, na piano alijifunza katika darasa la uimbaji la wiki mbili lililokuwa likifanyika kila kiangazi mavuno yakisubiriwa, noti zikiwa na maumbo ya pembetatu na mraba, watoto wakipiga do-re-mi kwa nyayo kwenye sakafu. Hoyt alimkuta akipiga kwenye mazishi. Alimngoja nje, kofia mkononi, akasema, "Kijana, umemfanya marehemu atamani kubaki. Njoo twende." Akaenda. Mwaka huohuo alimwoa Vesta, na Vesta akahesabu tangu siku ile kuwa na mume Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kwenye mabango nyuso zilikuwa nne. Mara moja, huko Georgia, mwenye duka alimwuliza kama yeye ndiye dereva.

Vesta hakuwa mtu wa kelele. Majira ya kuchipua mwaka huo alimwambia, akimenya viazi, kwamba dada yake wa Mobile ana chumba cha ziada, na kwamba ameshachukua maboksi matupu kwenye duka la vyakula.

"Sikutishi, Orvil. Nakwambia tu yalipo. Yako kwenye varanda ya nyuma."

"Mpaka sikukuu ya kanisa la New Canaan," alimwahidi. "Siku hiyo itakuwa ya mwisho. Nitamwambia Hoyt."

Na alimwambia kweli. Wiki mbili kabla ya sikukuu, basi likiwa limesimama kuongeza maji, alimwambia yote isipokuwa habari ya nusu hatua. Hoyt alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwekea mkono begani, mkono mzito wenye pete ya chama cha Freemason, akasema, "Tuliombee jambo hili, ndugu." Kuanzia hapo hakulitaja tena. Asubuhi hii, wakipanda mlima, Orvil alianza, "Hoyt, lile jambo letu," na Hoyt akafumba macho kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Kufika saa tano kanisa la New Canaan lilikuwa limejaa hadi madirishani. Chini ya miti ya mialoni meza zilikuwa zimeunganishwa, zimefunikwa mashuka, na harufu ya kuku wa kukaanga na maharage iliingia ndani pamoja na upepo. Vesta alikaa benchi la tano, gauni lake la kijani, akijipepea kwa pepeo ya karatasi. Orvil akamtazama mara moja, naye akaitikia kwa kidevu.

Waliimba nyimbo sita. Piano ile mbovu ilimtii. Alikwepa kibonyezo kilichokufa, akaifanya mikono imalizie kila ubeti kwa mizunguko ambayo watu wa mlimani walikuwa wakiingoja kuliko maneno, na kina mama wazee wakacheka kwa raha na kupunga leso. Kwa robo saa alisahau. Hilo lilikuwa sehemu ya mtego pia, nalo alilijua: hakuna mahali pengine duniani alipojisikia mzima.

Kisha Hoyt akanyoosha mkono kuomba kimya.

"Wapendwa, kabla ya wimbo wetu wa mwisho nina ushuhuda." Sauti yake ya kusema bado ilikuwa tamu. "Mnamwona yule pale kwenye piano. Ndugu Orvil. Miaka ishirini na miwili. Adui alimjia mwaka huu, wapendwa. Alimnong'oneza, 'Orvil, umechoka. Orvil, acha kazi ya Bwana, kaa nyumbani.'"

"Bwana amhurumie," alisema mtu nyuma.

"Tuliomba. Niliomba nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya basi. Na leo nawaambia Bwana amejibu! Ndugu Orvil haendi popote, mpaka parapanda ilie! Simama, ndugu, wakuone!"

Makofi yalivuma. Watu waliinuka kwenye mabenchi, wengine machozi yakiwatoka. Orvil alisimama. Hakujua amesimamaje. Mdomo wake ulifunguka, na akajisikia akisema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Asanteni."

Akakaa. Benchi la tano, pepeo ya karatasi ilikuwa imetulia juu ya magoti ya gauni la kijani.

Wimbo wa mwisho ulikuwa "Kiti Kimoja Kando ya Mama." Hoyt alimwashiria kwa kichwa aanze. Orvil aliweka mikono yake pale ilipozoea. Akaiondoa. Akaipeleka kulia, pale ilipokuwa ikikaa zamani, siku waliporekodi santuri yao ya kwanza na Hoyt akiimba kama filimbi. Akapiga mwanzo hapo, waziwazi, bila pambo hata moja.

Clovis aligeuka, macho yamemtoka. Doyle akamwangalia Gerald. Hoyt hakugeuka. Mgongo wake tu ulinyooka ndani ya koti jeupe, na akaanza.

Ubeti wa kwanza alivuka. Wa pili ulimtoa jasho. Kwenye kiitikio cha mwisho, pale sauti inapoondoka peke yake na kuwaacha wengine watatu chini, Hoyt aliinua uso, akafungua kinywa, na kilichotoka kikawa mlio mkavu, kama bawaba ya mlango wa ghala. Kikakatika. Vidole vya Orvil vikasimama juu ya vibonyezo, na kwa pumzi mbili au tatu akawa mtu huru na mtu mbaya kuliko wote waliokuwa humo.

Ndipo bibi mmoja wa benchi la mbele, aliyeshikilia fimbo yake, akaidaka noti ile pale ilipoangukia na kuendelea nayo. Jirani yake akaingia. Benchi baada ya benchi wakasimama, kanisa likaimba kiitikio kwa kimo kile cha juu, wakalia, wakakumbatiana, wakarudia kutoka ubeti wa kwanza. Na kwa kuwa walikuwa wanaimba, walihitaji piano. Orvil akapiga. Akapiga beti zote mara tatu, akikwepa kile kibonyezo kilichokufa, huku wanawake wakimshika Hoyt mikono na mchungaji akilia wazi kwamba miaka thelathini hajapata kuona Roho akishuka namna ile.

"Mzee aliishiwa na maneno kwa upendo," Orvil alimsikia mtu akisema wakitoka kwenda mezani. "Mpiga piano wake amekubali kubaki, ikamshinda."

Hoyt alimkuta nyuma ya kanisa, kwenye pampu ya maji. Alikuwa amevua koti. Bila koti alikuwa na mabega madogo.

"Ulifanya kusudi."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Na wewe ulinifunga mbele ya watu, Hoyt."

Hoyt alipiga pampu, akanywa kwa kiganja, maji yakamtiririka kidevuni.

"Unadhani nilikuwa sijui?" alisema. "Gadsden ndiyo ilikuwa mwanzo. Wiki iliyofuata uliushusha nusu hatua. Nilisikia kabla hujamaliza utangulizi, hata ulivyorembaremba. Mimi ni mwimbaji, Orvil. Kila uliposhusha, nilikwenda kulala nyuma ya basi nimejifunika kofia usoni. Nyie mlidhani naomba."

Orvil hakutegemea hilo. Miaka tisa alikuwa ameibeba siri kama mtu abebaye yai, kumbe mwenzake alikuwa ameushika upande wa pili.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nashukuru?" Sauti ilimkwaruza. "Ningesema, ingekuwa kweli."

Kutoka mbele kilisikika kicheko cha Clovis na mlio wa sahani. Hoyt alitazama viatu vyake vilivyolowa.

"Sina kitu kingine, ndugu. Sina mke tena, sina shamba. Bila wewe mimi ni mzee anayepiga kelele. Jumamosi ni Tupelo. Weka wimbo popote utakapo. Nitaimba hata chini ya Clovis. Basi linaondoka saa tisa."

Laiti angemtukana, mambo yangekuwa mepesi.

Vesta alikuwa ndani ya gari lake la mizigo chini ya mti, madirisha yameshushwa, sahani ya keki magotini bila kuguswa. Orvil akasimama karibu na mlango.

"Ilikuwa juu," alisema Vesta.

"Umesikia?"

"Nimeishi na piano yako miaka ishirini na miwili, hata kama ni siku tatu kwa wiki." Akaweka sahani juu ya dashibodi. "Nilisikia na 'asanteni' pia."

"Mdomo ulisema wenyewe."

"Najua. Hilo ndilo linaloniogopesha. Na mwenzio kasemaje?"

"Kasema anajua. Alikuwa anajua tangu Gadsden." "Ananihitaji, Vesta."

"Hata mimi sikuwahi kusema hakuhitaji." Alimtazama bila hasira. "Mabegi yako yako kwenye basi?"

"Begi moja. Na koti langu jeupe la kundi."

"Utayafuata?"

Saa tisa kasorobo. Ng'ambo ya uwanja Doyle alikuwa amewasha basi, na moshi wa bluu ulitambaa chini ya mialoni. Clovis alipanda akibeba paja la kuku. Hoyt akabaki amesimama kwenye ngazi ya mlango, mkono mmoja kwenye chuma.

"Sogea," Orvil alisema. "Niendeshe mimi."

Vesta alisita, kisha akajisogeza. Orvil akapanda, akashika usukani. Siku za nyumbani alikuwa haendeshi. Siku zilizobaki aliendeshwa. Mbele yao basi lilikuwa limeziba njia yote ya kutokea, ubavu kwa ubavu, jina la wanne limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Pa kupita palikuwa nyuma tu, katikati ya meza. Akakanyaga klachi, akasukuma gia. Gari likaruka mbele kidogo, likazima. Akawasha tena. Gia ikasaga meno.

"Ya kurudi nyuma iko wapi?"

"Ivute kwako kwanza. Halafu juu. Sio hivyo."

"Hivi?"

"Sio hivyo, Orvil."

Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, wakaanza kuitafuta pamoja. Nyuma yao wanawake wanne wa New Canaan walikuwa wameinua meza ya keki kila mmoja pembe yake, shuka likipepea, wakasogea hatua mbili kando, wakasimama nayo mikononi wakingoja gari lirudi nyuma.