Mpaka Mwokaji Aamke

Fundi wa kompyuta alifika kliniki ya usingizi asubuhi, macho mekundu kama aliyepulizwa moshi, akamkuta shangazi yake anamfunika mgonjwa shuka. Shangazi ndiye aliyekuwa muuguzi wa pale. Mgonjwa alikuwa mwokaji mikate, baba mnene ambaye usiku huwa kazini, kwa hiyo usingizi wake ulipimwa mchana. Alikuwa amebandikwa nyaya kifuani, na pumzi zake zilisikika chumba cha pili kupitia kispika kidogo, zikipanda na kushuka taratibu.

"Nyata," shangazi alinong'ona. "Ndiyo kwanza amepitiwa."

Seva, kompyuta kuu ya kliniki, ilikuwa kwenye hicho chumba cha pili, kando ya kitanda cha akiba. Ndani yake mliishi kompyuta nyingine isiyo na mwili, ile waiitayo mashine pepe, na humo ndimo zilimoandikwa pumzi za kila aliyewahi kulala pale. Siku hizi nakala yake ya akiba ilikuwa haikamiliki. Programu ya kunakili ilianza vizuri, kisha ikasita, ikatema kosa.

Fundi aliangalia nafasi kwenye diski, tele. Akaandika upya nywila, akairudia kazi. Kosa lile lile. Safari hii akausoma ujumbe wote badala ya kuuruka: leseni iliyopo hairuhusu kitendo hiki.

"Shangazi, mlibadilisha kitu hapa?"

"Sisi? Hata vumbi tunaogopa kulipangusa. Ila aliyetuuzia seva alipita, akasema muda wa majaribio wa programu yake umekwisha, akatuwekea toleo la bure. Eti hakuna tofauti."

"Ipo. Toleo la bure linaiendesha mashine bila shida, lakini limefunga mlango ambao programu ya kunakili hupitia. Inabisha hodi, haijibiwi."

"Basi tufanyeje?"

"Tuizime mashine, ninakili mwenyewe mafaili yake kwenye diski ya nje, halafu niiwashe."

Shangazi alikielekeza kidole kispika. "Na huyu anayeandikwa sasa hivi?"

"Tumwamshe mara moja tu."

"Humwamshi. Amesubiri zamu hii mpaka amekonda."

"Huyo ndiye aliyekonda?"

Shangazi aliziba mdomo kwa kiganja asicheke, akatoka.

Fundi hakuwa na la kufanya ila kungoja. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha akiba, akaegemea ukuta. Pazia lilikuwa limeuchuja mwanga ukawa rangi ya maziwa. Feni ya seva ilivuma, na juu ya mvumo huo zilikuja pumzi za mwokaji, moja, kisha nyingine, bila haraka, hadi chumba chenyewe kikaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira. Alijiona yuko kwenye ujia mrefu wenye milango. Nyuma ya kila mlango alilala mtu. Alibisha, hakuna aliyefungua, wala hakuudhika. Aliketi sakafuni, akaweka sikio kwenye ubao, akasikiliza.

Alipofumbua macho, mwanga ulikuwa umehamia ukuta mwingine. Kispika kilikuwa kimya. Shangazi alikuwa anakunja shuka.

"Mwokaji yuko wapi?"

"Kaenda zake zamani."

"Mbona hukuniamsha?"

"Hapa hatuamshi watu, mwanangu. Tangu lini hulali?"

Fundi alijifanya anatafuta viatu. "Tangu bibi ahamie kwa baba mdogo. Tulikuwa tunalala chumba kimoja tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nagombana naye kwa kukoroma. Sasa chumba kimenyamaza, nabaki nakodolea dari."

Shangazi aliiweka shuka chini. "Mama, huyo bibi yako, naye kanipigia juzi. Usingizi umemhama. Anasingizia godoro."

Walitazamana kidogo. Fundi akageukia kazi yake. Aliizima mashine pepe kwa utaratibu, akachomeka diski, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ulipokuwa unatambaa kwenye kioo, akampigia bibi.

"Bibi, nije kesho nikuchukue?"

Fundi alimsikia bibi anavuta pumzi, anaishusha.

"Mwambie kwanza baba yako mdogo, asije akadhani amenikosea," alisema mwishowe. "Na uje mapema. Hapa nimechoka kugeuka geuka."

Kunakili kulipokwisha, fundi aliiwasha tena mashine, kisha akaifungua nakala kwenye kompyuta yake, mtandao ukiwa umezimwa, maana nakala ambayo haijajaribiwa haina uhakika. Iliamka polepole, ikaonyesha mawimbi ya mwokaji, kilima baada ya kilima.

"Mtakuwa mnaizima kila wagonjwa wakiondoka, mnanakili hivi hivi," alimwambia shangazi, "mpaka kliniki ilipie leseni. Nitakuonyesha."

Shangazi alivuta kiti, wakaketi bega kwa bega. Mahali fulani katikati ya usingizi wa mwokaji, mawimbi yale yalikuwa yametulia kabisa, mapana, yakifuatana, na wote wawili wakajikuta wanapumua nayo.