Thibitisha au Uondoe

"Hoja ya nidhamu, Bwana Spika!"

Regina Igoki alijikuta amesimama kabla hajaamua kusimama. "Mheshimiwa Gachoki anasema kuna mjumbe wa kamati ya maji anayekunywa maji ya wenye kiu. Amtaje. Na akimtaja, athibitishe."

Gachoki hakusita. "Namtaja. Ni yeye mwenyewe, Mheshimiwa Regina."

Ukumbi wa bunge la kaunti ukalipuka kwa kelele. Spika Ishmael akagonga meza mpaka watu wakatulia.

Regina aliwakilisha wadi ya nyanda kavu, upande wa Kiambere, mahali ambapo ziwa la bwawa linametameta huko chini na bado mifereji ya nyumbani imekauka. Gachoki alitoka wadi ya juu, kwenye mashamba ya chai. Juma lililotangulia, kamati ilipokuwa ikigawa malori ya maji ya ukame, Regina aliikata wadi ya Gachoki kwenye orodha mbele ya wote. "Kwako mvua inanyesha hata watu wakiwa wamelala," alimwambia. Wajumbe walicheka. Gachoki alicheka pia, ila macho yake hayakucheka.

Spika alifungua kitabu cha kanuni. Alisoma polepole kwamba mjumbe hawezi kumtuhumu mwenzake katikati ya mjadala. Mwenye tuhuma alete hoja maalum, na ushahidi mkononi.

"Mheshimiwa Gachoki, una hadi kikao cha alasiri. Ulete ushahidi, ama uondoe maneno yako na uombe radhi. Ukikataa vyote viwili, askari wa bunge watakutoa nje."

Regina alikaa na hasira yake. Ilikuwa tamu, maana alijua hana doa.

Simu yake ilikuwa imetetemeka mkobani asubuhi nzima. Kikao kilipoahirishwa aliingia garini mwake, akafunga mlango na kumpigia mumewe.

"Nimesikia kwa redio," Njiru alisema. "Mama Linda, usimlazimishe huyo mtu athibitishe."

"Kwa nini?"

Alisikia mbuzi wakilia upande ule wa pili, na Njiru akivuta pumzi.

"Lile lori la maji ya shule, la Jumanne. Lilipita hapa kwanza."

"Likapita likafanya nini?"

"Nililisimamisha. Ng'ombe wawili walikuwa wameanguka, hawawezi kuinuka. Wewe uko huko mjini na mikutano yako. Nikamwambia dereva hapa ni kwa mheshimiwa, akajaza tangi."

"Ulitumia jina langu, Baba Linda."

"Sikutaja jina."

"Na shule?"

"Ilipata yaliyobaki."

Regina aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Jumamosi alikuwa ameoga kwa maji mengi, akaosha hata nywele. Alidhani Njiru ameyanunua kwa watu wanaouza maji kwa punda. Hakuuliza.

"Gachoki akichimba kidogo tu atamfikia dereva," Njiru alisema. "Tafuta njia jambo hili liishe."

Lakini Gachoki hakuwa akichimba. Alimngojea Regina kwenye ujia, karibu na mlango wa ukumbi, akaongea kwa sauti ya chini. "Mama, nitaondoa. Sina kitu. Ile siku uliwafanya watu wanicheke, ikanikaa hapa." Akajigusa kifua. "Yaishe tu."

Kumbe alikuwa akibahatisha. Regina aliitikia kwa kichwa na kuingia. Njia ambayo mumewe alitaka ilikuwa imejileta yenyewe. Alichohitaji ni kunyamaza.

Alasiri Gachoki alisimama. "Bwana Spika, nilisema jambo nisiloweza kulithibitisha..."

Regina akanyanyuka. "Hoja ya nidhamu!"

"Keti, mheshimiwa. Anayeomba radhi hakatizwi."

Akaketi. Gachoki akamgeukia, akainamisha kichwa kidogo, akaondoa kila neno na kuomba radhi. Wajumbe wakapiga miguu sakafuni kumpongeza Regina. Kaberia, aliyeketi kando yake, akamnong'oneza, "Umemmaliza."

"Jambo hilo limefungwa," Spika akasema. "Tuendelee."

"Bwana Spika, naomba nafasi ya maelezo binafsi."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu hilo ulilofunga."

Spika alimtazama juu ya miwani. "Kanuni zimekukinga, mheshimiwa. Hapa hakuna anayeruhusiwa kukutuhumu."

"Najua. Ndiyo maana itabidi niseme mwenyewe."

Karani akainuka kumnong'oneza Spika. Kurasa zikafunuliwa, zikarudishwa. "Sioni panapomkataza mtu kujisema," Spika akatamka hatimaye. "Endelea. Ila hakuna atakayekujibu wala kukuuliza."

Regina alishika ukingo wa meza. "Maji ya shule yaliingia katika tangi la nyumbani kwangu. Sikuyaagiza, na leo asubuhi nikidai ushahidi sikuwa nikijua. Lakini yaliletwa kwa heshima ya kiti hiki, na nimeyaoga. Mheshimiwa Gachoki ameomba radhi kwa jambo la kweli. Mimi ndiye ninayemwomba radhi, yeye na watoto wa shule ile."

Akaketi. Gachoki alikuwa ameduwaa. Kaberia alisogeza kiti chake kidogo.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Njiru alikuwa akichota maji tangini na kujaza mitungi ya kupeleka shuleni, gari la jirani likingoja langoni.

"Umeniaibisha kwa redio," alisema bila kumtazama.

"Sikukutaja."

"Kwani nani mwingine anaishi hapa?"

Regina alivua viatu vya bungeni, akashika mtungi wa kwanza, wakaupandisha garini pamoja.

Juma lililofuata hoja ya kumwondoa kwenye kamati ililetwa kwa utaratibu wake, na ushahidi wote ulikuwa maneno yake mwenyewe katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Gachoki aliiunga mkono kwa sauti isiyo na furaha. Spika alipouliza wanaokubali, mikono iliinuka ukumbi mzima, na wa Regina ukiwamo. Dereva alisimamishwa kazi ingawa Regina alikuwa amemwombea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni Njiru alipiga simu. Hakuuliza habari za kura. Alisema ng'ombe mmoja ameinuka na anakula, na mwingine amekufa.